Jumamosi yangu na Peugeot 504

Wenzangu kazini wanadhani Jumamosi nalala. Majirani wanadhani nimerukwa na akili. Ukweli ni kwamba uani kwangu hapa Tudor, Mombasa, kuna gari, Peugeot 504 ya aina ya saluni, ninayoitengeneza bodi mwenyewe. Fundi si mimi, mimi ni karani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: chai, mahamri, turubai chini. Kazi ya chuma naiwahi, maana kufika saa tano bati halishikiki kwa jua.

Saa moja nakata ukingo ulio chini ya milango ya kushoto, uliokwisha kuliwa na kutu. Saluni hii haina chasisi, yaani fremu ya chini, ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Kwa hiyo kabla ya grainda kugusa kitu, sakafu nimeiegemeza kwa magogo pande zote, la sivyo bodi inabonyea na milango haifungi tena. Kisha kuchomelea: nukta moja hapa, nyingine kule mwisho, unasubiri ipoe. Bati ni jembamba. Ukivuta moto mfululizo, linajikunja kama chapati.

Saa nne na nusu nimechanganya pati ya kujazia mabonde na hadina, dawa ya kuigandisha, kwa ajili ya fenda, bati la juu ya gurudumu. Hapo una dakika chache tu kabla haijaganda. Ndipo akaingia kijana wa mkokoteni wa vyuma vikuukuu.

"Mzee, hii waiuza kilo pesa ngapi?"

"Siuzi."

"Hata milango?"

"Hata milango."

"Basi hiyo boneti, kwani yakufaa nini?"

Jirani yangu mzee akasikia, akaja na kiti chake. Huyu kila wiki hunishauri nijaze pati juu ya kutu nipige rangi, "nani ataona, mwanangu?" Nishamweleza mpaka mate yamenikauka: pati hunywa unyevu, kutu inaendelea kula kwa chini, na kwa hewa hii ya chumvi rangi inafura upesi. Lakini leo akawa upande wangu. Akamwambia kijana kwamba hizi ziliunganishwa papa hapa Mombasa, kwamba 504 ilishinda mbio za magari za Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikarudi ikashinda 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Akaeleza mpaka matope ya mbio zenyewe. Kijana akauliza, sasa na hiyo ya Andersson iliuzwa kilo pesa ngapi? Walipomalizana, pati yangu ilikuwa jiwe kwenye kifuniko cha kopo.

Nikachanganya nyingine.

Mchana wote ni msasa. Namba 80 juu ya kibao, halafu 180. Unapuliza rangi nyeusi hafifu, unasugua tena. Panapobaki peusi ni bondeni. Jicho hudanganya, kiganja hakidanganyi. Mabega yakaanza kuwaka, saa sikuitazama tena mpaka adhana ya alasiri.

Nikawasha kompresa nipulize praima, rangi ya kwanza ya kukinga chuma, stima ikapotea. Na chuma kitupu hakilali nje usiku mmoja Mombasa, asubuhi kishakuwa chekundu. Nikachukua brashi, nikapaka praima ya kutu kwa mkono, ukingo wote na fenda. Alama za brashi zitasuguliwa Jumamosi ijayo, iwapo nitapata turubai: mke wangu ashasema analitaka kwa arusi ya kwao.