Kabla Hujalipia 109 Iliyolala Chini ya Mwembe

Ukienda kuangalia Land Rover ya zamani kwa nia ya kuifufua, muuzaji atakufungulia boneti kwanza. Atafunga betri aliyoazima, atapiga stata, injini itaunguruma, na hapohapo utaanza kujiona uko njiani kwenda Kondoa. Mwombe aizime. Injini ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote kwenye gari hili: mafundi wake wapo, vipuri vyake vinapatikana, na ikishindikana kabisa inashushwa na kupandishwa nyingine. Vinavyoamua kama ununue au uondoke ni karatasi, chasisi, na ule ukuta wa mbele wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Vikiwa vizima, kilichobaki ni pesa na muda. Vikiwa vibovu, utakuwa umenunua skrepa kwa bei ya gari.

Nazungumzia Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa sababu ndizo zilizobaki nyingi kwenye yadi za misheni, mashamba ya mkonge na nyuma ya nyumba za wastaafu. Kuna fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109. Aliyeziona zimejipanga kwenye tamasha la Arusha la Oktoba 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanazitamani. Lakini zile ni zilizokwisha kufufuliwa. Ya chini ya mwembe ni habari nyingine.

Anza na karatasi, maana kuzikagua hakugharimu kitu. Chukua kadi ya gari (Kenya, logibuku) ulinganishe namba ya chasisi na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, pale springi ya mbele inaposhikia. Utaikuta imezikwa na rangi na grisi. Ikwangue kwa brashi ya waya, isugue kwa chaki, tarakimu zitajitokeza. Ukikuta pamepitishwa grainda au pamechomelewa bamba jipya, usiendelee na mazungumzo ya bei. Kisha soma namba ya injini kwenye bloku. 109 nyingi zilishatolewa injini zao zikawekwa za Isuzu, Toyota au Nissan, na mara nyingi badiliko hilo halikuandikwa kwenye kadi. Hilo linarekebishika, ila lirekebishwe na muuzaji kabla hujalipa, si na wewe baadaye.

Mwenye kadi akiwa marehemu, mtoto wake hana mamlaka ya kukuuzia hata kama funguo anazo yeye. Dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na anayesaini mkataba awe huyo msimamizi. Gari lililotoka serikalini au kwenye shirika liwe na hati ya mnada au ya mauzo. Baada ya hapo peleka namba zote TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania) ukazihakiki, na polisi pia. Watu wamefufua gari kwa miaka miwili wakashindwa kulihamisha jina, na gari lisilohamishika jina huwezi kuliuza wala kulikatia bima kwa jina lako.

Sasa chasisi. Vaa nguo za kazi, beba tochi, nyundo ndogo na bisibisi bapa lenye ncha, ulale chini. Chasisi ya Series ni boksi lililoundwa kwa bamba nne zenye unene wa kama milimita 2, zikachomelewa kwenye kona. Tope na maji huingilia kwenye matundu, hayana pa kutokea kwa haraka, na chuma huanza kuoza kwa ndani. Ndiyo maana chasisi inaweza kupendeza kwa nje ilhali imebaki nene kama debe la mafuta ya kula. Gonga kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma, upande wa chini hasa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayorudi; kilichooza hulia bubu. Panapolia bubu, sukuma bisibisi. Likizama, umepata jibu.

Sehemu za kuanzia ni boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia. Halafu mikono inayotoka pembeni kubeba ukuta wa mbele, halafu kuta za boksi jirani na tangi la mafuta, ambako tope hukaa bila kuonekana, halafu sehemu zote nane zinaposhikia springi. Ukikuta chini pote pamepakwa lami mpya inayong'aa, ongeza shaka, usiongeze imani. Lami hupakwa kuzuia kutu, na hupakwa vilevile kuificha. Kwangua sehemu tatu au nne. Muuzaji akikukatalia, amekwisha kukuambia unachotaka kujua.

Namna ninavyopima ni hivi. Boriti ya nyuma na mikono miwili ikiwa imeoza, hiyo ni kazi ya kawaida: fundi mzuri wa kuchomelea anaikata, anaunda mpya, anairudisha. Kutu ikiwa kwenye boksi kuu lenyewe sehemu zaidi ya mbili, au ikiwa karibu na mshikio wa springi, hesabu kwamba unahitaji chasisi nyingine. Wapo wanaozitengeneza upya Uingereza na kuzichovya kwenye zinki, kama Richards Chassis, lakini ongeza usafiri, ushuru na taratibu za kuandikisha namba ndipo upate bei kamili. Tena gharama kubwa ya kubadili chasisi iko kwenye kuvua gari zima. Boliti za springi zilizokaa miaka 40 hushikamana na mkoba wa chuma wa bushi, na bushi hushikamana na chasisi. Utachoma mpira kwa moto, utapasua mkoba kwa msumeno, na utarudia hivyo kwa kila bushi. Paipu za breki zitakatika utakapojaribu kuzifungua. Chukulia kwamba hakuna hata moja itakayorudi.

Pima pia kama limepinda. Ya 109 ina milimita 2,769 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ya 88 ina 2,235. Pima pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka. Kisha pima mshazari: boliti ya springi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Tofauti ya zaidi ya milimita 6 inatosha kukutia wasiwasi kwamba liliwahi kupinduka au kugongwa, hata kama bodi imenyooshwa vizuri.

Mahali gari lilikoishi pana uzito wake. Lililokaa Tanga, Lindi au Mombasa karibu na bahari limekula chumvi kila usiku. La Dodoma au Singida, lenye rangi iliyochunwa na jua na viti vilivyopasuka, kwa kawaida ni afadhali zaidi, ingawa machoni linachukiza. Mimi ningesafiri kilomita 500 kufuata chasisi kavu kuliko kununua iliyo jirani.

Ukuta wa mbele nao ni chuma, wakati bodi karibu yote ni aluminiamu. Hapo ndipo watu hudanganyika: wanasikia "Land Rover haipati kutu" na kuacha kuangalia. Inua mazulia uone pale miguu inapokaa. Chunguza mguu wa nguzo ya mlango unapokutana na mkono wa chasisi, na kona za juu chini ya kioo, jirani na vile vifuniko viwili vya hewa. Sakafu ya miguu iliyotoboka si tatizo. Bamba la milimita 1.5 linakunjwa na kuwekwa mahali pake kwa siku moja. Nguzo iliyooza ni tatizo kubwa, kwa sababu bawaba za mlango zinaishikilia hiyo. Fungua mlango nusu uunyanyue. Nguzo ikicheza pamoja na mlango, ukuta mzima lazima utoke, na ukitoka lazima ufungwe fremu ya muda usije ukajikunja wakati wa kuchomelewa.

Aluminiamu haina kutu nyekundu, ila inapogusana na chuma penye unyevu hugeuka unga mweupe na kuvimba chini ya rangi. Utauona kwenye kingo za milango na ukingo wa chini wa ubavu. Fundi wa bodi aliyezoea Toyota anaweza kuiharibu kwa dakika moja, kwa kuwa aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Mkongwe huipaka sabuni ya kipande, huipasha hadi sabuni igeuke hudhurungi iliyokolea, huacha ipoe, ndipo hugonga taratibu. Na kabla ya rangi lazima ipigwe praima maalumu ya aluminiamu, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Muulize fundi wako maswali hayo mawili kabla hujamkabidhi mlango.

Turudi kwenye boneti. Injini ya petroli ya kawaida ni ya cc 2,286. Hadi 1980 kranki yake ilikaa juu ya beringi kuu 3, baadaye zikawa 5, na kranki na beringi zake haziingiliani. Jua yako ni ipi kabla hujaagiza. Iguse ikiwa baridi. Ukikuta imekwisha kupashwa moto, rudi kesho. Toa plagi zote nne, kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho, pima mgandamizo. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Iliyo chini itilie kijiko kimoja cha oili upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, valvu hazifungi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yao. Mgandamizo wa oili, injini ikiwa moto na ikizunguka kwa mwendo wa safari, uwe kati ya psi 35 na 65, nao upimwe kwa geji ya kufungia, maana taa ya dashibodi haikwambii kitu. Kama silinda zilishaboliwa (kupanuliwa) mpaka inchi 0.040 zaidi ya kipimo chake, safari ijayo ni slivu, yaani kuvishwa bomba jipya ndani.

Mlio wa kukwamakwama na moshi mweusi usikutishe sana. Kabureta ya Zenith ina kasoro inayojulikana: mfuniko wake wa juu hupinda kwa joto na petroli hupita pasipostahili. Husawazishwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Ni kazi ya jioni moja.

Giaboksi ipime kwa kuendesha. Shuka mlima kwa gia ya pili, ondoa mguu kwenye mafuta, uone kama gia inaruka. Rudia kwa gia ya tatu. Bonyeza kitufe cha njano uingize magurudumu manne, halafu simamisha gari, vuta mkono mwekundu uingize nguvu ya chini. Visipoingia, kuna mtu alivitelekeza kwa miaka mingi. Mbele, nyuma ya magurudumu, kuna matufe mawili yanayong'aa ambayo gurudumu hugeukia. Yafute kwa kitambaa. Yakiwa na vidonda, yatakata sili yoyote mpya utakayoweka, na lile nusu lita la oili ndani ya kila tufe litaishia chini. Yanauzwa ghali na kuyabadili huchukua siku nzima kila upande.

Waya: zikiwa zimeungwaungwa kwa plasta kila mahali, usitafute hitilafu mojamoja. Weka seti nzima mpya kwenye hesabu. Viti, turubai na rangi viache mwisho kabisa. Havijawahi kuzuia mradi.

Hesabu yenyewe ifanye kwa kalamu. Andika kila kipuri, piga simu upate bei ya leo, ongeza fundi, ongeza kodi ya mahali pa kulilaza gari kwa miezi yote hiyo, kisha weka nusu ya jumla hiyo juu yake. Nusu hiyo italiwa na vitu ambavyo huwezi kuviona gari likiwa limefungwa. Linganisha na bei ya 109 inayotembea leo. Mara nyingi inayotembea itakuwa nafuu. Kama bado unataka kuifufua kwa mikono yako, nakuelewa, na ni sababu ya kutosha, mradi uwe umeiona tofauti hiyo kabla ya kusaini.

Vitu vidogo vilivyopotea huuma kuliko vikubwa. Fremu za juu za milango, bawaba za kioo cha mbele, saa za dashibodi, mfuniko wa boksi la betri: hakikisha vipo kwenye gari au kwenye gunia lililo stoo, na viandikwe kwenye mkataba.

Ukikubaliana bei, beba gari kwa lori. Kama hakuna budi kulivuta, toa kwanza propela shafti zote mbili, boliti nne kila ncha kwa spana ya 9/16, kwa sababu hujui giaboksi ina oili kiasi gani. Zifunge boliti hizo kwenye mfuko, andika juu yake, upige picha. Na jambo moja la mwisho: breki. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka hayashiki, kwa hiyo gari la nyuma livutwe kwa chuma kigumu, si kwa kamba, na mtu akae kwenye usukani.