Siku moja maishani mwangu: katibu wa BMU na ramani ya ziwa

Saa kumi na moja asubuhi niko beach tayari. Boti za omena, dagaa wa huku kwetu, zinarudi saa hizi, zingine taa bado zinawaka, na mimi kama katibu wa BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia beach na uvuvi, naandika kila moja imeleta kiasi gani. Leo naandika mbio juu saa nne tumeitwa tauni Kisumu kutoa maoni kuhusu mpango wa kugawa Ziwa Victoria, yaani keji za kufugia samaki zikae wapi, watu wavue wapi, boti za abiria zipite wapi na wapi paachwe samaki wazaane.

Saa moja na nusu nazunguka kwa kina mama wa omena niwaambie twende. Wanamwaga omena kwa nyavu zimetandazwa chini, mmoja akanijibu bila kuinua kichwa, "Nyathina, mtoto wangu, mvua ikinyeshea hii omena nikiwa huko nimekaa kwa kiti, watoto watakula nini?" Sikuwa na jibu kwa sababu ni kweli, omena ikilowa inabadilika rangi na mnunuzi anaichukua ya kulisha kuku. Katiba ya 2010 ibara ya 69 inasema serikali ihimize wananchi washiriki kutunza mazingira, sawa, lakini ukiita watu wa omena saa nne asubuhi ushaamua nani hatakuja.

Saa nne tuko kwa ukumbi. Tumeanza saa sita kasoro. Rasimu ni ya Kizungu, kopi tatu kwa watu kama hamsini, na maneno yakaenda hivo kama nusu saa watu wamenyamaza tu mpaka nikainua mkono nikaomba tuongee Kiswahili na Dholuo. Afisa akakubali mara moja, na kusema ukweli mkutano ulianzia hapo.

Saa saba tukafika kwa ramani, na hii ndio sehemu sitasahau. Karatasi kubwa ukutani, ziwa la bluu, viboksi vya njano ndio keji, na hakuna jina hata moja la kwetu, wakati kila kona ya hilo ziwa ina jina na baria yeyote, yaani mvuvi, atakutajia gizani. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akafuata ukingo wa mafunjo na kidole polepole hadi kikasimama juu ya kiboksi cha njano. "Hapa ndio ngege, hii tilapia yetu, huchimba kiota. Maji ni ya kifua, chini mchanga. Mkifunga keji hapa, itaenda kuzaa wapi?" Kijana mwingine akaonyesha kiboksi cha pili, akasema upepo ukigeuka gugu maji lote linasukumwa pale linatulia wiki nzima, samaki wa keji watakosa hewa wafe. Afisa akatoa biro akaanza kuandika mwenyewe. Kwa nusu saa ile ramani ikajaa majina.

Saa nane na nusu karatasi ya kusaini ikazunguka pamoja na soda. Kuna mkutano mwingine hapo nyuma nilisaini, baadaye nikasoma ripoti imeandikwa wadau waliafiki, na mimi sikuafiki kitu. Leo kando ya sahihi nimeandika "nimehudhuria tu" na nikawaambia wenzangu waandike hivo. Kortini hii kitu ina uzito, 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu juu wananchi hawakushirikishwa inavyofaa.

Kwa tuktuk nikirudi nilikuwa nawaza Massachusetts, jimbo la Marekani. Walipitisha sheria ya kupanga bahari yao 2008, na kabla ya kuchora chochote wakazunguka jimbo kusikiza watu, vikao 18, rasimu ikatoka 2009, wakairudisha kwa watu tena, mpango ukakamilika mwisho wa huo mwaka. Bahari yao si ziwa letu na pesa yao si yetu, lakini kusikiza kwanza ndio uchore, hiyo haitaki pesa nyingi.

Saa kumi beach. Kina mama wanakusanya omena kwa magunia, nikakaa nao chini nikawasomea niliyoandika. Dakika chache tu wameona kitu ukumbi mzima haukuona: mpango unaongea maji peke yake, ufuo wa kuanika haumo, na ufuo wenyewe unazidi kuzungushiwa ua kila mwaka. Nikaandika vile walisema, neno kwa neno.

Saa tatu usiku naandika memoranda ya kupeleka kesho. Nimeorodhesha majina yote ya mzee na pale kila moja lilipo, halafu ufuo wa kuanika. Lakini ombi la kwanza kabisa nimeweka hili: mkutano ujao uletwe hapa beach, saa kumi jioni, omena ikishaanuliwa.