Siku Moja na Mjusi Asiye na Miguu, Milima ya Uluguru

Saa 12 asubuhi. Kwanza ndoo. Ni ndoo za lita ishirini zilizofukiwa mpaka midomo ikalingana na ardhi, na uzio mfupi wa nailoni umepita juu yake. Kiumbe anayetambaa usiku akikutana na uzio huufuata, mwishowe hutumbukia. Hapa hakuna kulala: siafu wakiwahi, hukuti kitu ila mifupa. Leo tumepata vyura na jongoo, tukawaachia.

Saa 3. Tunachimba. Tunapima eneo la mita moja kwa mita moja, tunaondoa majani kwa mkono, kisha jembe taratibu. Udongo wa msitu huu ni mweusi na mwepesi, umejaa mchwa, mabuu na nyungunyungu. Hicho ndicho chakula cha tunayemtafuta.

Saa 5 na nusu. Yupo! Chini ya gogo lililooza. *Melanoseps emmrichi*, mweusi wa kung'aa, hana hata alama ya mguu. Nimemshika kwa kiganja kizima, maana ukimvuta mkia huukata akakuachia. Anasukuma vidole vyangu kwa pua, na nguvu zake zinanishangaza kila mara. Pua hiyo imefunikwa gamba kubwa laini, na taya la chini limerudi nyuma kidogo, hivyo mdomo haujai udongo anapochimba. Tundu la sikio halionekani. Macho anayo, madogo sana. Mijusi wa kundi hili hawatagi. Huzaa watoto hai.

Tunapima urefu na uzito, tunapiga picha, tunamrudisha palepale na gogo tunalilaza kama lilivyokuwa.

Saa 8 mchana. Shambani kwa mama mmoja anayelima magimbi. Nimemwamkia, akaniitikia kisha akasema, "Mwanangu, leo nimeua nyoka wako." Akanionyesha vipande viwili vya mjusi wetu.

Nimeumia, lakini simlaumu. Anayelima peku ana haki ya kuogopa nyoka. Tumechuchumaa nikamwonyesha ulimi: mpana, ncha yake haikugawanyika kama ya nyoka. Hana sumu. Akauliza kuhusu yule mwingine, wa rangi ya waridi, anayeteleza. Swali zuri sana! Huyo si mjusi wala nyoka, ni ndugu wa chura: ngozi yake ina unyevu na mikunjo ya pete, wakati mjusi ana magamba makavu. Wote wawili hula wadudu wa ardhini. "Basi nitawaambia na wajukuu," akasema.

Saa 11 jioni. Ndoo tena, kisha tunazifunika kwa sababu mvua inakuja.

Saa 2 usiku. Naandika: mahali, kina, unyevu, unene wa majani. Mtaalamu wa wanyama watambaao, Arthur Loveridge, alikusanya wanyama katika milima hii mwaka 1926, lakini mjusi huyu alipewa jina lake la kisayansi mwaka 2006, na mtaalamu mwenzake, Donald Broadley wa Zimbabwe. Miaka themanini! Anayeishi chini ya udongo husahaulika kirahisi, ndiyo maana naandika hata mashimo matupu; yanaonyesha alipotoweka. Kesho tunachimba kwenye kipande kilichochomwa moto wakati wa kuandaa shamba, majani yote yakaungua, tuone kama kuna aliyebaki.