Tulifuata dhahabu Tanga, tukafukua risasi

Shemeji yangu ni mchimbaji wa Geita, na ndiye aliyeniburuza hadi Tanga na ditekta yake ya kusaka metali begani. Kichwani mwake kulikuwa na sarafu moja tu: ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ambayo Wajerumani waliitengeneza Tabora mwaka 1916 wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vimewabana. Nikamwambia Tabora iko mbali na Tanga. Akanijibu kwamba pesa ina miguu.

Kuhusu basi nitasema tu kwamba kiti changu kiliegemea nyuma kikagoma kurudi. Kutoka stendi ya Kange hadi Raskazone, dereva wa bajaji alitudai elfu kumi, eti mzigo wetu una umeme. Gesti ilikuwa na feni isiyozunguka na bei ya hoteli yenye lifti. Nimeshayasema, yaishe.

Shemeji hakujua anakanyaga wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, meli zilizotoka Bombay zilianza kushusha askari wa Kihindi na wa Kiingereza hapo Raskazone, jumla yao karibu 8,000. Upande wa Mjerumani, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck, walikuwa kama elfu moja, wengi wao Waafrika. Tarehe 4 wakapambana mashambani. Nyuki wakafumuka wakauma watu bila kuuliza bendera, na kesho yake Waingereza wakarudi melini mbio, wameacha bombomu 16, yaani bunduki za rashasha, na risasi kiasi cha laki sita. Hizo Wajerumani walizikusanya. Zilizozama mchangani hakuna aliyezihesabu.

Kwenye mchanga mkavu mashine ilikuwa na adabu. Tukishuka palipoloa inapiga kelele kila hatua, maana maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, na ditekta ya Geita haijazoea bahari. Tukabaki juu, chini ya mivinje, tukavuna vizibo vya soda na misumari. Kisha ukaja mlio mmoja safi, hauna mikwaruzo. Shemeji akapiga magoti.

Lilikuwa ganda la shaba, limeota kutu ya kijani, lina ukingo kitakoni. Katikati ya kitako, fataki, kile kidude kinachoiwasha risasi, ilikuwa imebonyea: hii ilishapigwa zamani. Ya pili hivyo hivyo. Halafu zikatoka tano kwa mpigo, zimegandamana kwenye kibanio chao, kila moja na kichwa chake, fataki zake laini, hazijaguswa. Risasi za bunduki ya Mwingereza, .303, kipenyo milimita 7.7. Aliyezishika alikuwa bado hajazipakia. Huenda alizitupa akikimbilia boti, huenda hakufika kwenye boti. Nilikaa nazitazama nikasahau jua.

Moja ilikuwa imepasuka ubavuni. Ndani hamkuwa na unga niliotegemea, bali nyuzinyuzi za kahawia zimepangwa kwa urefu, kama tambi zilizokaangwa. Shemeji hakuvutiwa. Alikuwa anawaza kilo ya shaba inauzwaje, na tayari ameokota jiwe agonge mchanga utoke.

"We kijana! Weka chini!"

Mzee mmoja alikuwa anashona wavu pembeni, na kumbe muda wote alikuwa anatutazama. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hicho mnachogonga mwakijua?"

"Cha zamani hicho, mzee. Kimeshakufa."

"Mimi ndiye niliyezeeka. Hicho bado."

Akatuhadithia kwamba utotoni walikuwa wakizitoa nyuzi zile na kuziwasha, zinatoa moto wa kufoka, raha tupu, mpaka siku mwenzao mmoja alipogonga fataki akaondokewa na vidole viwili. Alisimulia bila kuacha kushona. Shemeji akalitua jiwe taratibu, nadhani ndiyo mara pekee nimemwona akishika kitu taratibu.

Ingeishia hapo, lakini mashine ilikuwa bado imewashwa, na shemeji alipoiinua ikapita juu ya mizizi ya mvinje ikanguruma vibaya. Kitu kikubwa, kirefu. Mzee akasema tuondoke wote, na safari hii aliacha wavu. Tukachomeka mti wenye kitambaa chekundu, tukasogea mbali, tukapiga simu polisi.

Manowari *Fox* ilikuwa na mizinga ya inchi 6 na iliirushia Tanga makombora siku hizo. Makombora ya Waingereza ya enzi hizo mengi yalijazwa kilipuzi kiitwacho asidi ya pikriki, na asidi hiyo ikikutana na baadhi ya metali hutengeneza chumvi zinazolipuka kwa kuguswa tu. Yaani miaka inaweza kulizidishia kombora hatari. Nikakumbuka kwetu Bukoba. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakapigana siku mbili, wakaangusha mnara wa simu za upepo, wakaondoka. Mimi nimekulia hapo nikichimba mashimo ya migomba kwa nguvu zangu zote, jembe likigonga kitu ninagonga tena.

Polisi walikuja na kamba, wakafunga eneo wasubiri wataalamu wa mabomu. Zile tano wakazichukua wao kwa uangalifu. Kituoni tukaandika maelezo hadi giza, tukaelezwa kwamba kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015 kukutwa na risasi bila leseni ni kosa, hata uziokote baharini, hata ziwe za Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Kupiga simu ndiko kulikotuokoa. Chini ya mvinje kulikuwa na nini, hatukuambiwa.

Shemeji alipomaliza kutia sahihi, yule askari akafunga daftari, akaitazama ditekta iliyoegemezwa ukutani.

"Hiyo inashika na pete? Maana ya mke wangu ilipotea hapo hapo Raskazone."

Wakaanza kupatana bei.