Paka au mbwa akifa: kumbukumbu zipi zichukuliwe leo, zipi zingoje

Mbwa au paka wa nyumbani akifa, wengi hukimbilia mambo yanayoweza kusubiri: jiwe la kaburi, fremu ya picha, mti wa ukumbusho. Hayo hata mwakani yatafanyika. Kuna mengine ambayo saa chache zikipita hayapatikani tena, na ndiyo watu huyajutia. Kwa hiyo anza na mwili wenyewe, na kama mikono inatetemeka, omba mtu mwingine ashike mkasi.

Mwili huanza kukakamaa saa chache baada ya kifo, na penye joto mapema zaidi. Ungali laini, mlaze ubavu na umkunje miguu kama alivyozoea kulala. Akikakamaa amenyooka, hata sanduku la kumtosha linakuwa kazi kupata. Tandika plastiki chini na taulo juu yake, maana misuli ikilegea mkojo na kinyesi hutoka, na hiyo ni kawaida. Macho mara nyingi hayafumbi yenyewe; usiyalazimishe. Kama alikuwa na dalili za kichaa cha mbwa, au alikufa ghafla na sababu haijulikani, usimguse kwa mikono mitupu. Mpigie kwanza daktari wa mifugo, na habari za manyoya na nyayo ziache.

Kumbukumbu ninayoipa nafasi ya kwanza ni chapa ya unyayo kwa wino. Chukua mguu wa mbele, kwa kuwa unyayo wake ni mpana na wa mviringo zaidi kuliko wa nyuma. Ufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ukaushe vizuri, kisha punguza kwa mkasi mdogo manyoya yaliyo katikati ya vidole. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu chapa nyingi hutoka kama doa: manyoya hunywa wino na kuuburuta kwenye karatasi. Gonga wino kidogo kidogo kwa kidau cha muhuri hadi kila kidole kishike. Sasa usiupeleke mguu kwenye karatasi. Weka karatasi juu ya daftari gumu uilete kwenye mguu. Bonyeza kitako cha unyayo kwanza, halafu kidole kimoja kimoja, uinue karatasi moja kwa moja bila kuiburuta. Piga nne au tano. Ya kwanza huwa na wino mwingi. Ya pili au ya tatu ndiyo huonyesha mambo madogo, kwa mfano ile mikunjo mitatu kwenye ukingo wa nyuma wa kitako cha unyayo wa paka.

Wengine hupenda chapa ya kushika mkononi. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi laini, na maji yasiyozidi nusu kikombe, ukiyamimina kidogo kidogo hadi donge liwe gumu lisilonata. Litandaze unene wa sentimita moja hivi, bonyeza unyayo kwa nguvu ya kutosha, kisha liache likauke usiku kucha kabla ya kulitia kwenye oveni kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa mbili au tatu. Ukiharakisha kwa moto mkali, maji yaliyo ndani yanageuka mvuke, donge linavimba na unyayo unapotea. Likishapoa lipake vanishi pande zote, na mgongoni usisahau, la sivyo chumvi itavuta unyevu wa hewa na ukungu utaota. Na tafadhali, kama kuna mbwa mwingine nyumbani, liweke mbali naye. Chumvi iliyomo inaweza kumuua.

Manyoya yakate mahali palipo na rangi anayokumbukwa nayo, fungu dogo, ulifunge kwa uzi upande mmoja. Yatie kwenye bahasha ya karatasi, si kwenye selotepu: gundi yake hugeuka manjano na kuyagandisha. Adui mkubwa wa manyoya ni nondo na wadudu wanaokula sufu. Kabla ya kuyahifadhi, yafunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uyaweke kwenye friza wiki mbili, halafu yaache yarudi kwenye joto la kawaida mfuko ukiwa bado umefungwa, yasiingie unyevu. Blanketi lake usilifue haraka. Likiwa kavu kabisa na limefungwa vizuri, harufu yake hudumu muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu kuzika, uliza kwanza sheria ya mahali ulipo. Shimo liwe na kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima na mkondo wa maji. Mfunge kwa kitambaa cha pamba. Plastiki huzuia mwili usioze kwa kawaida. Kama alidungwa sindano ya kumpumzisha, yaani ya kumuua bila maumivu, dawa inayotumika sana ni pentobarbital, nayo hubaki mwilini baada ya kifo. Mnyama mwingine akiufukua mwili na kuula anaweza kufa, kwa hiyo kaburi la juu juu hapa ni hatari kweli.

Ukichagua kumchoma, uliza kwa maneno yaliyo wazi kama atachomwa peke yake au pamoja na wengine, maana kwa njia ya pili hutarudishiwa majivu yake. Kadiria mililita 36 za majivu kwa kila kilo ya uzito wake alipokuwa hai: paka wa kilo 4 anatoa kama mililita 150, mbwa wa kilo 20 kama 720. Watu hununua vyombo vikubwa mno kwa kutojua hili. Na usimimine majivu kwenye shimo kisha ukapanda mche juu yake. Yana chumvi nyingi na ukali wa alkali, na mizizi huungua. Changanya kiasi kidogo na udongo mwingi wenye mboji, au uyazike kando ya mti ambao umeshashika.

Picha na sauti zina siku kadhaa, si miaka. Simu hupotea. Kusanya kila kitu, hata video ya sekunde tano yenye mkoromo wake, na uombe waliowahi kumpiga picha wakutumie faili halisi. WhatsApp huzipunguza picha ubora, kwa hiyo watume kama hati. Weka nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba. Kila faili ipe jina lake na mwaka, kwa sababu video zisizo na majina hazitafutiki.

Kola ya ngozi ifute kwa kitambaa chenye unyevu, ikauke kivulini, ihifadhiwe kwenye karatasi. Ndani ya plastiki huota ukungu. Huko Berenike, kwenye pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu, kuna makaburi ya takriban miaka 2,000 ambako paka kwa mamia walizikwa, na baadhi yao walikutwa bado wamevaa kola za chuma au shanga shingoni. Kwa hiyo kumzika na kola yake nako kuna asili ya kale. Amua kabla ya kufukia, kwa kuwa wengi hulikumbuka jambo hili shimo likiwa limeshajaa.

Jiwe ndilo la mwisho. Subiri udongo ushuke, kwani kaburi jipya hutitia na jiwe lililowekwa mapema huinama. Jina lichongwe kwa patasi. La rangi peke yake jua na mvua vitalifuta.