Kujitunza ukiwa kwenye kupona na huku maisha hayakusubiri

Wenzangu ambao ndo kwanza wametoka soba hausi (zile nyumba za kuachia pombe na dawa za kulevya) huwa wananiuliza swali moja, na sio "uliachaje", hilo walishaulizana huko ndani mpaka wakachoka. Wanauliza unajitunzaje na huku kuna kazi, kuna watoto, kuna madeni, kuna simu za watu uliowakopa. Jibu langu huwa haliwafurahishi maana mi nawaambia hutaweza vyote, chagua vichache uvilinde kwa ukali na vingine viache vilegee kwanza.

Tatizo kubwa ninaloliona sio uvivu, ni aibu. Mtu akiacha pombe au unga (heroini), akili ikianza kuwa safi anaanza kuona kila alichoharibu, vikao vya shule alivyokosa, hela za ndani alizokula, ahadi alizotoa akapotea wiki nzima. Sa anataka kulipa vyote ndani ya miezi miwili. Shifti ya ziada anachukua, mgonjwa wa ukoo anamuuguza yeye, harusi anasimamia yeye, mtu akiomba chochote anasema ndio maana anaogopa akikataa wataona "si unaona, hajabadilika". Na kinachonikera zaidi, kila mtu anamsifia! Jamani fulani kapona, siku hizi anajituma. Hakuna anayeuliza analala saa ngapi.

Na mwili bado uko kwenye matengenezo. Arosto ya pombe, yani yale mateso ya mwili ukiacha, ile kali kabisa huwa inafika kileleni ndani ya siku mbili tatu za mwanzo na kwa wengi inatulia ndani ya wiki hivi (na hapa naomba nisisitize, kama ulikuwa unakunywa sana kila siku au unatumia zile dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini usiache ghafla peke yako chumbani, unaweza kupata degedege na watu hufa, nenda kwa daktari). Lakini baada ya hiyo wiki kuna arosto nyingine ndefu ambayo haionekani, usingizi unakatika katika, hasira za karibu, kichwa kizito, unasoma mstari mmoja mara tatu, na inaweza kuendelea kwa miezi. Pombe ilikuwa inabana ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, ukiiacha ndoto zinarudi kwa fujo, unaota umekunywa, unaamka unanusa pumzi yako mwenyewe kwa hofu. Sa mtu wa hivo ndo mnampa shifti ya usiku.

Kwa iyo kwangu usingizi ndo namba moja na siuombei msamaha. Vyombo vitalala, nguo zitasubiri, mi nikifika saa yangu naenda kulala hata kama usingizi hauji, nalala saa ile ile na kuamka saa ile ile, na kahawa ya mchana nimeikata japo iliniuma.

Kwenye vikundi vya hatua 12, ambako watu wanaoacha wanakutana kusaidiana (AA ya pombe ilianza 1935 kule Akron, Ohio, NA ya dawa za kulevya ikaja 1953 California) kuna ushauri wa zamani kwamba hamu ikikupanda jiulize kwanza kama una njaa, hasira, upweke au uchovu. Unaonekana wa kitoto mpaka uujaribu. Njaa watu wanaidharau sana, yani ukikaa na njaa mda mrefu unatetemeka kidogo, unakuwa mkali, huwezi kutulia, na mtu aliyezoea kutuliza kila kitu kwa chupa anasoma hiyo hali kama hamu ya chupa. Mi nakula kitu kabla sijatoka kazini, sio nikifika nyumbani, maana kati ya kazini na nyumbani ndo kipande kibaya cha siku yangu na sitaki kukipita na tumbo tupu. Upweke nao sio lazima uwe peke yako. Nyumba inaweza kujaa watu na hakuna hata mmoja unayeweza kumwambia leo imenikaba hapa.

Halafu hamu yenyewe. Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliyewafundisha watu kuichukulia hamu kama wimbi, linapanda, linafika juu, linashuka lenyewe, kazi yako ni kutozama tu. Mara nyingi haifiki hata nusu saa kama hujailisha. Ila maelekezo ya namna hii huwa yanakwambia ukae mahali patulivu ufumbe macho upumue, sa mi nina watoto wawili wanagombania kiti, utulivu gani? Nilichofanya ni kuipa hamu kazi za mikono. Ikija naosha vyombo kwa maji ya baridi, au namwogesha mdogo, nasikiliza mwili wangu huku mikono inaendelea. Na nyumbani wanajua nikisema "nipeni dakika kumi" ni kweli dakika kumi, mtu asinifuate chooni.

Neno kwa walio kwenye methadoni au buprenofini, dawa za hospitali za kutibu uraibu wa heroini, maana nao wananiuliza na wanasemwa vibaya sana. Kile kikombe cha dawa cha kila asubuhi ndo kujitunza kwenyewe. Wale wanaosema umehama dawa moja kwenda nyingine waambie zote mbili ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na dozi ikikaa sawa hukai unapanda na kushuka kutwa nzima, unaenda kazini kama mtu mwingine. Ugumu ni ratiba, kliniki inafungua saa ambayo bosi anataka uwe umeshafika. Usiruke dozi ili uwahi kazi! Ongea na kliniki, kuna sehemu ukishatulia wanakuruhusu ubebe dozi za nyumbani. Na kwa yeyote aliyekuwa kwenye heroini, ukikaa mda bila kutumia mwili unapoteza uzoefu, kipimo ulichokuwa unatumia zamani bila shida kinaweza kukuua ukiteleza mara moja tu. Watu wa nyumbani wakijua hili na kukawa na naloksoni karibu (dawa ya kumzindua mtu aliyezidisha heroini) sio kukuombea mabaya, ndo ulinzi wenyewe.

Sa kuna upande wa pili ambao hausemwi sana, kwamba hata kupona kunaweza kukumeza. Mwanzoni miting za kikundi kila jioni ni sawa kabisa, nilihitaji na ningerudia. Lakini mda ukaenda, nikawa nina miting, nina simu na msponsa (mwenzetu aliyetangulia kupona anayeniongoza), nina mazoezi, nina daftari la kuandika hisia, yani mtu mwenye shughuli kweli kweli. Siku moja mume wangu akaniambia, bila hata kupandisha sauti, "Mama watoto, zamani ulikuwa unalewa, sasa uko kwenye miting, mi na hawa watoto tuko vile vile." Niliwaka. Nikamwambia hujui naipigania nini. Na ni kweli alikuwa hajui, ila na yeye alichosema kilikuwa kweli, miaka yote ile yeye ndo alikuwa anapika, anafua, anadanganya majirani kwa niaba yangu, na alifikiri nikiacha atapumzika.

Tulikaa tukapanga, na sio mara moja, tumepangua na kupanga tena. Tulichoona kinafaa ni kuacha kugombana juu ya "mda" na kutaja siku zenyewe kwa jina. Jioni fulani ni zangu, hazijadiliwi hata kama kuna wageni. Jumamosi asubuhi ni yake, anaondoka, simuulizi anakwenda wapi, mi nabaki na watoto na simu naweka mbali. Mshahara ukiingia unapita kwake kwanza, hilo niliomba mwenyewe maana siku ya hela kwangu bado ina kelele kichwani. Na mtu yeyote akiniomba jambo, awe wa ukoo au wa kazini, simjibu papo hapo, namwambia ntakujibu kesho, na kama jambo lenyewe linakula usingizi wangu au mojawapo ya zile jioni basi kesho jibu ni hapana. Wifi yangu bado hajalizoea hili, alishasema najidai.

Miting ya Jumamosi ikabidi niiache. Msponsa wangu alinuna kidogo, akaniambia basi nije ya Jumatano, nayo inajaa mpaka watu wanasimama mlangoni.