Siku moja maishani mwangu: studio, wanafunzi na sauti inayochelewa

Saa 2:00 asubuhi nafungua studio na kuzima feni. Maiki ya kondensa, aina nyepesi kunasa sauti, inasikia kila kitu, na chumba cha Dar es Salaam bila feni kinachosha kuliko kazi yenyewe. Wanaoona picha za studio mitandaoni hudhani tunashinda na wasanii tukitikisa vichwa. Muda wetu unaishia kwenye nyaya, mafaili, na swali moja: "Niweke programu gani ya kutengeneza muziki?"

Saa 3:00 mwanafunzi mpya anakaa. Kabla ya kutaja programu yoyote, namuuliza ana kifaa gani, na anataka kutengeneza biti (muziki wa kuimbia) au kurekodi sauti. Mwenye simu tu aanze na BandLab, ni ya bure. Mwenye Mac anayo GarageBand bure. Wa Windows ndiye mwenye kazi ya kuchagua. Vijana wengi wa biti wanaitaka FL Studio, na wana haki: kupanga ngoma kwa vijisanduku kunaeleweka haraka. Ila toleo lake la bei ya chini, Fruity, kwa miaka mingi halikurekodi sauti ya maiki. Anayetaka kuimba ahakikishe kwanza toleo analochukua linarekodi. La majaribio nalo linahifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ununue, kwa hiyo toa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya kila traki, yaani kila ala au sauti peke yake, kabla ya kufunga. Kwa kurekodi waimbaji, mimi naelekeza REAPER. Unapewa siku 60 za majaribio bila kunyimwa kitu, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ni nyepesi hata kwenye kompyuta ya RAM ya GB 4. Upungufu wake ni ala chache za ndani. Audacity inafaa kukata na kusafisha sauti; biti usiijengee huko. Programu za wizi siziingizi humu: zinaleta virusi, na kuna siku kazi ya mteja itakataa kufunguka.

Saa 4 hadi saa 6 nasafisha vokali (sauti za waimbaji) za jana: pumzi, mate, honi ya bodaboda.

Saa 6:30 linaanza lile linalokula mchana wangu karibu kila siku. "Kaka, mbona sauti yangu inanijia nyuma kwenye hedifoni?" Mwanafunzi ameshabadilisha maiki, ameshalaumu laptopu. Namwambia aache vyote, tufuate njia ya sauti. Kwanza hedifoni: kama ni za Bluetooth, zitoe, zinaweza kuchelewesha sauti hata milisekunde 150. Weka za waya, tena uzichomeke kwenye kadi ya sauti ya nje, si kwenye laptopu. Pili draiva, programu inayounganisha kompyuta na kadi: fungua mipangilio ya sauti (F10 kwa FL Studio, Ctrl+P kwa REAPER) uchague ASIO, draiva ya sauti isiyochelewa, ya kadi yenyewe. Kama huna kadi ya nje, weka ASIO4ALL. Tatu bafa, yaani fungu la sampuli za sauti ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulipitisha. Ikiwa 1024 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23 kuingia na nyingine 23 kutoka; hakuna mwimbaji anayeshika mdundo hapo. Shusha hadi 128, ambayo ni kama 3 kila upande. Sasa sauti inakatikakatika na kukwaruza? Prosesa imezidiwa. Panda hadi 256, au zima efekti nzito kwenye traki ya masta (inayobeba wimbo mzima), maana baadhi yake huongeza ucheleweshaji zenyewe. Ukisikia sauti yako mara mbili, umewasha usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kadi na wa kwenye programu kwa pamoja. Zima mmoja.

Ndipo tunapima kiwango. Tunarekodi kwa ubora wa bit 24, vilele vya sauti kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa 0 imekatwa kichwa, tunarudia mstari.

Sijui ni saa tisa au kumi, shati limeganda mgongoni, mteja anafika na biti ya MP3. Anataka kiki (ngoma kubwa) ishuke, besi ibaki. Faili ni moja, vimeshachanganywa. Ni kutoa chumvi kwenye mchuzi ulioiva. Tunabishana nusu saa. Ninachoweza ni kuishusha biti nzima desibeli 6 ili vokali ipate nafasi, kisha kumwomba arudi kwa prodyuza achukue traki za WAV zilizotengwa, BPM (mapigo kwa dakika) na ufunguo wa wimbo. Bila BPM tunaumia: REAPER inafunguka ikiwa 120, biti ni 98, na ukikata vokali kwa kufuata mistari ya gridi unakata katikati ya neno.

Giza likishaingia nachanganya. Bafa inarudi 1024, kwa sababu hakuna anayeimba. Masikio yamechoka, hivyo nasikiliza kwa sauti ya chini na sigusi masta usiku. Mwimbaji wa mchana ameshika mdundo mstari wote wa pili. Nafurahi kwa hilo, ingawa hakuna msikilizaji atakayejua lilitokana na namba 128.

Kila traki naitoa kama WAV inayoanzia sifuri, ili ifunguke kwenye programu yoyote na zote zikae sawa. Diski mbili. Ya pili inamaliza kunakili saa 4:20 usiku. Nawasha feni.